Tambi Zenye Kitunguu

RUKIA: Assalaam alaykum wasikilizaji, karibuni tena barazani. Mie Rukia, na huyu mbele yangu ni Makame, ambaye leo ana kesi ya kujibu.

MAKAME: Waalaykum salaam. Kesi gani tena? Mie nilikula, nikalipa, nikenda zangu.

RUKIA: Ukenda zako wapi? Waambie.

MAKAME: Forodhani.

RUKIA: Kufanya nini?

MAKAME: (anacheka) Kula urojo.

RUKIA: Wasikilizaji, tumetoka watu sita baada ya Isha, tumekwenda mkahawa wa Kiasia, tumekula bili ya laki tatu na ushei, halafu huyu bwana anatoka mlangoni anakwenda kupanga foleni ya urojo. Saa nne ya usiku!

MAKAME: Nilikuwa na njaa, bibi wee. Hebu niache nieleze. Kwenye ile menyu kulikuwa na neno sikulijua, nikamuuliza mhudumu, hichi nini? Akanambia, hizo tambi. Basi mie nikaona nishafika nyumbani. Mtu wa Wete mie, tambi nazijua: tui, sukari, iliki, zabibu kavu juu. Mama anatupikia Ramadhani. Nikasema niletee hizo, na chai ya maziwa.

RUKIA: Ya Rabbi.

MAKAME: Ikaja sahani inafuka moshi, tambi zenye kitunguu! Kitunguu, karoti, kabichi, na ngisi amejikunja juu yake. Na chai yangu pembeni. Yule dada aliniwekea mezani bila kucheka, Mungu ampe kheri.

RUKIA: Sisi tulicheka kwa niaba yake. Lakini Makame, mie nnasema njaa yako haikutoka kwenye tambi. Ilitoka kwenye namna tulivyoagiza. Tulikaa watu sita, kila mtu akainamia menyu yake kama yuko kwenye mtihani wa skuli, kila mtu akaagiza chake.

MAKAME: Sasa ningeagiza cha nani?

RUKIA: Cha sote! Mchina nyumbani kwake hali hivyo. Mthailand hali hivyo, wala Mvietnam, wala Mkorea. Kila mtu ana wali wake, vitoweo viko kati, unachota hapa, unachota pale. Mkahawa mkubwa wa Kichina una meza ya duara na juu yake kuna duara jengine linalozunguka, ili kila bakuli limfikie kila mtu. Hilo si sinia hilo?

MAKAME: Sinia lenye magurudumu.

RUKIA: Sisi tumezaliwa kwenye sinia. Harusini, hitmani, futari, watu wanne wanne, mkono kati. Lakini tukishavuka mlango wa mkahawa wenye kiyoyozi tunageuka Wazungu ghafla. Changu changu, chako chako. Mtu anaona haya hata kuonja kwa mwenzake.

MAKAME: Mie nilikuwa naiangalia ile samaki yako nzima, nnameza mate.

RUKIA: Na mie nilishindwa kuimaliza! Nusu imerudi jikoni. Watu sita munataka vitoweo vinne au vitano, si zaidi. Samaki mzima mmoja, mboga moja, kimoja chenye mchuzi, kimoja kikavu cha kukaanga, kimoja cha pilipili kwa wale wanaojifaragua. Na wali wa kutosha. Basi.

MAKAME: Na tambi za supu?

RUKIA: Hizo hapana. Bakuli la tambi za supu la Kijapani au la Kivietnam ni la mtu mmoja. Ukiliweka kati mutagombana.

MAKAME: Na vile vijiti? Mie viliniangusha mbele ya watu.

RUKIA: Hukulazimishwa. Kwa Wathailand watu wanakula kwa kijiko na uma. Na ile sushi ya kitonge, wali umebanwa na kipande cha samaki juu, Wajapani wenyewe wanaila kwa vidole, wala si utovu wa adabu.

MAKAME: Usinambie! Mie nusu saa nnakimbizana kwa vijiti na kitonge cha wali nilichoonjeshwa, kumbe ni cha mkono?

RUKIA: Cha mkono.

MAKAME: Lo. Na ule mchuzi wa kijani alokula Bi Mkubwa wetu akidhani chatne ya kotmiri, akajaza kijiko?

RUKIA: Wasabi. Masikini, machozi yalimtoka. Tena nikwambie, mikahawa mingi duniani haiweki wasabi wenyewe, ni ghali. Wanasaga mzizi mwengine wa jamii moja na haradali, wanatia rangi ya kijani. Kwa hiyo alilizwa na wa bandia.

MAKAME: (anacheka) Lakini nisiseme uongo, kuna kitu kimoja nilikionja kwako nikashtuka. Ule mchuzi wa Kithailand. Nilisema, huu mie naujua.

RUKIA: Utauachaje kuujua? Tui la nazi, mchaichai, ndimu, na kwenye vyakula vyao vyengine ukwaju. Vitu vyote hivyo unavipata sokoni Darajani kabla ya saa mbili asubuhi. Wanachotuacha njia panda ni sosi ya samaki na sukari. Wao mchuzi wanautia sukari bila ya wasiwasi.

MAKAME: Mpemba akitiwa sukari kwenye mchuzi wa samaki anakwenda kwa sheha.

RUKIA: Alozoea sukari kwenye tambi asiseme kitu. Na kuna ile bizari ya Kichina ya vitu vitano. Ndani yake mna mdalasini, shamari, kile kiungo chenye umbo la nyota na harufu kali, pilipili ya Sichuan, na cha tano?

MAKAME: Karafuu! Karafuu ya Pemba.

RUKIA: Ya Pemba au ya kwengine. Maana mkarafuu wenyewe, Makame, kwao ni visiwa vya Maluku, Indonesia. Huku umefika karne ya 19 mwanzo mwanzo.

MAKAME: Aka! Usiniharibie siku. Mkarafuu Mpemba.

RUKIA: Mpemba wa kuhamia. Na mpaka leo Waindonesia wanainunua karafuu yetu, wanaitia kwenye sigara zao.

MAKAME: Haya, lakini kuna neno nnataka unisaidie. Siku hizi kila mkahawa mpya, Shangani, Paje, Nungwi, umeandikwa "fyusheni". Hiyo nini khasa? Maana mie nnaona ni wali wa kawaida, bei imepanda.

RUKIA: Mapishi ya kuchanganya. Na Mzanzibari hapaswi kulishangaa hilo, kwa sababu urojo wako wa saa nne ya usiku ndio fyusheni yenyewe. Bajia na kachori asili yake Bara Hindi, muhogo wa kukaanga umetoka Marekani ya Kusini, chatne ya nazi, embe mbichi, mishikaki, yai, yote bakuli moja.

MAKAME: Na hauna kiyoyozi.

RUKIA: Ngoja nikupe kisa nnachokipenda. Unajua kuku wa manchurian? Yumo kwenye menyu za mikahawa mingi ya Kihindi. Watu wanadhani ametoka Manchuria, Uchina. Hajatoka huko. Mwaka 1975, Mumbai, kulikuwa na mpishi anaitwa Nelson Wang, Mchina wa kuzaliwa Kolkata. Mteja akamtaka kitu kipya. Akaanza kama Mhindi: kitunguu thomu, tangawizi, pilipili mbichi. Pale ambapo Mhindi angetia garam masala, yeye akatia sosi ya soya na wanga wa mahindi. Uchina huko hawamjui kuku huyo.

MAKAME: Yaani Mchina wa India kapika chakula cha Kichina kisichojulikana Uchina, mie nnakila Vuga.

RUKIA: Na kule kukaanga kwa Wajapani, kamba amevishwa unga mwepesi, tempura? Hiyo nayo inasemwa wamejifunza kwa Wareno, walofika Japani mwaka 1543.

MAKAME: Wareno hawa hawa wetu?

RUKIA: Hao hao. Vasco da Gama hapa amepita 1499.

MAKAME: Sasa angalia dhulma hiyo. Japani wamewaachia kamba wa kukaanga. Sisi Pemba wametuachia mchezo wa ng'ombe.

RUKIA: (anacheka sana) Nimekufa mie!

MAKAME: Wallahi ningechagua kamba.

RUKIA: Lakini si kila kuchanganya kuna maana. Nimekula sehemu moja, sitaitaja, wali wa sushi umewekwa jibini, embe, na sosi tamu imemwagwa juu mpaka samaki humuoni. Na samaki mwenyewe ni salmoni. Salmoni hatoki bahari hii, analetwa amegandishwa kutoka mbali, na bei yake unailipia wewe. Hata Wajapani hawakuwa na mila ya kumla mbichi, samaki wao alikuwa na wadudu. Ni Wanorwe walowashawishi, miaka ya 80, wakiwapelekea wa kufugwa. Sasa mie niko Unguja, jodari anashushwa pale Malindi, nile salmoni kwa sababu gani?

MAKAME: Kwa picha.

RUKIA: Kwa picha tu. Agiza jodari. Lakini uliza kama leo wa leo, maana samaki mbichi si wa kumdhania.

MAKAME: Tuje kwenye lile jambo. Maana najua umelibeba moyoni.

RUKIA: Nimelibeba. Si siku ile, hii ni ya nyuma, mkahawa mwengine. Nimeagiza kuku wa Kijapani, anang'aa kwa sosi tamu nyeusi. Nikamuuliza kijana, hichi halali? Akanambia, halali dada, kuku tunanunua Darajani. Nikala. Nishafika nusu, mpishi kapita, nikamsifu, nikamuuliza sosi anaipikaje. Bila ya wasiwasi akanambia: soya, sukari, na mirin.

MAKAME: Mirin ndiyo nini?

RUKIA: Mvinyo wa mchele wa kupikia. Wenyewe una kilevi kama asilimia 14. Nikaweka kijiko chini. Na yule kijana hakunidanganya, mie nimeuliza kuku, yeye kajibu kuku. Sosi hakuna alomuuliza.

MAKAME: Astaghfirullah. Sasa mtu aulizeje?

RUKIA: Usiulize "mnatia pombe?" Mhudumu anafikiri chupa ya baa, atakwambia hapana. Uliza hivi: munapikia mirin, sake, au mvinyo wa Kichina? Uyataje kwa majina. Na kwenye tambi za supu uliza mifupa ya supu ni ya mnyama gani, kwa sababu supu moja maarufu ya Kijapani inachemshwa kwa mifupa ya nguruwe masaa na masaa. Uliza kabla hujakaa. Wengine ukiwaambia wanakupikia kwa sukari na siki, na ladha haipotei sana.

MAKAME: Na soya yenyewe? Si inachachishwa?

RUKIA: Inachachishwa, soya na ngano. Hapo masheikh wana maneno yao, mie si mufti. Ila kama ngano inakudhuru, hiyo nakwambia mie: imo.

MAKAME: Sasa na mie niseme langu. Bili.

RUKIA: Sema, yakhe.

MAKAME: Shilingi 312,000. Tambi zangu 18,000, chai 4,000. Mwenzetu mmoja, hatumtaji, kaagiza sahani mbili za sushi peke yake na juisi tatu, halafu bili ilipokuja ndiye wa mwanzo kusema, "Jamani tugawe sawa sawa, sisi ndugu." Kila mtu 52,000. Mie nimelipa udugu elfu 30!

RUKIA: Na ukanyamaza.

MAKAME: Nitasema nini mbele ya mhudumu? Kutoa simu unapiga hesabu ya chai, watu wakuone bakhili?

RUKIA: Ndiyo maana mie nnataka kama upatu. Munachanga kabla ya kutoka nyumbani, kila mtu arubaini, pesa anashika mmoja, anaagiza huyo huyo, vinawekwa kati. Pesa zikisha, chakula kimekwisha.

MAKAME: Na mshika pesa ni mie. Ijumaa ijayo. Nishatuma ujumbe kwa wote.

RUKIA: Wamechanga?

MAKAME: Wanne wamechanga. Weye bado.

RUKIA: Nitakupa hapa hapa, tukizima hii. Na yule wa sushi mbili?

MAKAME: Yeye kanijibu vizuri. Anauliza kama watoto wa dada yake wawili wanaingia kwenye arubaini ile ile.