Kurahisisha Mantiki ya Ndiyo na Hapana Kwenye Michoro ya LabVIEW

Tuanze moja kwa moja na mchoro huu hapa ukutani. Ni programu ya LabVIEW, lugha ya kompyuta ambayo programu huchorwa kwa nyaya badala ya kuandikwa, na inawasha pampu ya maji. Ina nyaya tatu za kijani, kila mmoja unabeba kweli au si kweli: kisima kina maji, tangi halijajaa, swichi ya mkono imewashwa. Tuziite K, T na M.

Aliyeuchora alifuata maneno ya mteja vilevile: pampu iwake kama kisima kina maji, tangi halijajaa na swichi ya mkono imezimwa, au kama kisima kina maji na swichi imewashwa. Hesabuni nodi, yaani visanduku vinavyopokea nyaya na kutoa jibu: NA tatu, AU moja, SI (inayogeuza kweli kuwa si kweli) moja. Inafanya kazi, sikatai. Lakini fuateni waya wa K. Unagawanyika, tawi moja juu, jingine chini. Fundi mwingine akija kurekebisha tawi la juu akasahau la chini, pampu itazunguka kavu hadi iungue.

Sasa tumtoe K nje, kama mnavyotoa kigawo cha pamoja kwenye aljebra: K NA ((T NA SI M) AU M). Ndani ya mabano, M ikiwa kweli, jibu ni kweli. M ikiwa si kweli, jibu linabaki T. Kwa hiyo ni T AU M tu, na mchoro mzima ni K NA (T AU M). Nodi mbili! Na K sasa amesimama mlangoni peke yake. Hakuna njia ya kumzunguka. Andikeni mistari minane ya jedwali la ukweli, mmoja kwa kila mchanganyiko wa K, T na M, mhakikishe wenyewe.

Sheria hizi ni za mwanahisabati George Boole, aliyechapisha kitabu chake mwaka 1854. Claude Shannon akaonyesha mwaka 1937, katika tasnifu yake ya uzamili pale MIT, kwamba zinatosha kueleza saketi za relei, yaani swichi zinazoendeshwa kwa umeme. Kwenye C, lugha ya programu ya maandishi, lazima uangalie mpangilio, maana upande wa kushoto wa NA ukiwa si kweli, wa kulia hausomwi kabisa. LabVIEW haina hilo: nodi husubiri data zote zifike. Hamisheni nyaya bila hofu.

Kuna mazoea mengine ya kuacha. Kulinganisha waya wa kijani na kweli: waya wenyewe ndio jibu. Kujenga kisanduku cha masharti ili tu kitoe kweli upande huu na si kweli upande ule: kifuteni. Nyaya zikizidi tano hivi, mimi huacha aljebra. Nazikusanya kwenye safu, yaani orodha moja ya kweli na si kweli, naigeuza kuwa namba, namba inachagua mstari wa jedwali.

Kitufe cha dharura msikiguse. Hicho kikate umeme wa pampu chenyewe, nje ya programu.

Turudi kwenye T AU M. Someni kwa sauti: swichi ya mkono ikiwashwa, pampu inasukuma hata tangi likiwa limejaa. Mchoro wa kwanza ulikuwa na kasoro hiyohiyo, ila haikuonekana. Mpigieni mteja mumuulize kama ndivyo alivyotaka. Akisema hapana, inabaki K NA T, na swichi ya mkono haina kazi yoyote kwenye mchoro huu.