Marekani Lafudhi Iliniokoa, Berlin Ikaniponza

Haya wadau, mambo vipi? Mnisamehe kwa upepo, leo nipo barabarani na mkono ulioshika simu umeshaganda. Ngoja nigeuze kamera muone kibao kile: Maji-Maji-Allee. Ndiyo, Maji Maji yetu ileile, hapa Wedding, Berlin. Sisi wa Songea, ambako mashujaa walinyongwa mwaka 1906, jina hilo ukiliona Ulaya lazima usimame. Hadi Agosti 2024 kipande hiki kiliitwa Petersallee, kwa heshima ya Carl Peters, yule mkoloni wa Kijerumani ambaye wazee walimwita Mkono wa Damu. Mtaa ulipewa jina hilo enzi za Wanazi wa Hitler, 1939. Mwaka 1986, aibu ilipowakaba, wakatangaza kwamba kuanzia sasa huyu ni Peters mwingine, Hans Peters. Kibao kileile! Nilicheka peke yangu kama mwehu.

Sasa, kila siku mnaniuliza: kaka, ubaguzi umezidi wapi, Marekani au Ujerumani? Nimeishi Ohio miaka minne, hapa huu wa tatu. Nikiwatajia mshindi nitakuwa nawadanganya, maana si kitu kimoja.

Ohio, wiki ya kwanza, nikapewa fomu: chagua rangi yako. Nyumbani ukiniuliza mimi nani, nitakwambia Mngoni, Mkatoliki, mtoto wa fundi cherehani. Weusi haikuwa habari. Nikatia tiki, na tangu siku hiyo nikawa mweusi. Dukani mlinzi ananifuata rafu hadi rafu. Lakini nikifungua tu mdomo, lafudhi ya kwetu ikamfikia, uso unalegea: kumbe unatoka Afrika! Nyie ni wachapakazi. Nisiwafiche, nilikuwa nafurahi. Mpaka rafiki yangu, Mmarekani mweusi wa palepale, akaniuliza: "Na wavivu ni kina nani?" Nikanyamaza. Babu zake walilimishwa bure zaidi ya miaka 200, na kuna watu bado wanamchukia kama mtu anavyomchukia anayemdai. Mimi sikuwemo kwenye deni hilo, ndiyo maana nikachekewa.

Hapa mambo yamegeuka. Sensa haiulizi rangi. Baada ya Wanazi, serikali kuandika watu kwa rangi ni jambo linalowatia hofu. Unasema nimepona. Halafu unatafuta nyumba. Nilipiga simu kwa Kijerumani changu cha kuungaunga, nikaambiwa imeshachukuliwa. Jioni nikapiga tena kwa Kiingereza, nikivuta maneno puani kama mtu wa Ohio. Karibu kesho uione! Nimefika mlangoni, mwenye nyumba kanitazama juu mpaka chini. Unatoka wapi? Ohio. Hapana, kwenu hasa ni wapi? Na nina rafiki kazaliwa hapahapa Wedding, Kijerumani chake kimenyooka kuliko cha mwenye nyumba yule, naye anaulizwa hivyohivyo. Hapa mweusi ni mgeni, basi. Nyumba nilikosa.

Nanyi huko msijifiche nyuma ya simu. Yule rafiki wa Ohio nilimleta Dar. Kariakoo wakamwita mzungu mweusi, bei ikapaa. Usiku tukaenda hoteli moja ya ufukweni: wazungu waliotutangulia walifunguliwa geti kwa tabasamu, sisi wawili tukaulizwa tunaenda kwa nani. Akanigeukia: "Hata hapa?" Mwenzenu nilitafuta jibu kwa lugha zote tatu.

Na Mhindi wa Upanga, ambaye babu yake alizaliwa Dar, si tunamuuliza kwao hasa ni wapi? Mwingereza aliigawa Dar Uzunguni, Uhindini na Uswahilini, Mnazi Mmoja pakaachwa wazi katikati ili Kariakoo isigusane na Uhindini. Yeye kaondoka 1961. Swali lake tunalo, tena tunaliuliza kwa Kiswahili safi.

Subirini kidogo, kuna bibi na mbwa wake ananisemesha... Anauliza Maji Maji maana yake nini, anasema anaishi mtaa huu na hakuna aliyemweleza. Ngoja nizime, hii si ya dakika mbili. Jumapili, wadau.