Maua ya Ndani Yanauawa na Maji

Asanteni, ndugu zangu. Nimeshalisema hili Chumbageni, nikalisema Ngamiani, na leo nalirudia: maua ya ndani hayafi kwa kiu, yanakufa kwa maji.

Tazameni ua hili la majani mazito, yanang'aa kama yamepakwa mafuta. Wataalamu huliita Zamioculcas. Mnalinunua kwa bei ya kuuma mkidhani limetoka Ulaya. Ni la huku huku! Kwao ni kuanzia kusini mwa Kenya, Tanzania yetu, mpaka Afrika Kusini. Fukueni udongo kidogo mkaone: chini kuna viazi vinene. Humo ndimo linamoweka akiba ya kiangazi. Sasa mmea wenye akiba yake, wewe asubuhi kopo, jioni kopo, unautakia nini? Udongo ukijaa maji, hewa haipiti, mizizi inakosa pumzi, viazi vinaoza. Majani yanageuka manjano, mwenye nyumba anasema lina kiu, anaongeza kopo jingine. Jamani!

Najua kuna mama atasema, mwalimu, na joto hili la Tanga, lisipate maji? Joto lipo, mama yangu. Lakini sebuleni jua halichomi, upepo haupigi, na hewa ya pwani ina unyevu wake. Chomeka kidole udongoni mpaka kiungo cha pili. Ukikuta udongo mbichi, rudisha kopo jikoni. Wiki mbili, hata tatu, linakaa salama.

Na toboeni ndoo! Ndoo ya rangi isiyo na tundu chini, maji yatatokea wapi? Mchanga nao msichote ufukweni Raskazone, una chumvi. Tafuteni wa mtoni, changanyeni na makumbi ya nazi yaliyolowekwa yakasuuzwa vizuri.

Naona naonyeshwa saa. Mwanga: karibu na dirisha, jua la mchana lisilipige. Utomvu wake unawasha mdomo, watoto wasitafune. Mbolea, kidogo sana.

Lile ua la zambarau la Usambara, lililopewa jina la Saintpaulia mwaka 1893, nilitaka kulieleza lakini lina masharti yake. Halipendi kukaushwa hivi, wala majani yake hayataki kumwagiwa maji. Siku nyingine.

Majani ya mbegu ya hili Zamioculcas nimekuja nayo, yamo kapuni. Chukua moja, lichomeke udongoni, usilifukuefukue. Kiazi kinajitunga chini miezi mingi kabla chipukizi halijatokeza.