Njia ya oili: boksa za BMW kutoka R32 hadi R75/5

Mabibi na mabwana, habari za jioni. Historia ya pikipiki za zamani za BMW kwa kawaida husimuliwa kwa mbio na rekodi. Mimi leo naomba tufuate oili. Ukijua oili inapita wapi ndani ya injini hizi, utajua kwa nini moja imedumu na nyingine imekufa ikiwa bado inang'aa kwa nje.

Kwanza jina. Kwetu ukisema boksa watu wanaona bodaboda ya Bajaj. Boksa ninayoizungumzia ni mpangilio wa injini: silinda mbili zimelala, moja kushoto na nyingine kulia, pistoni zinatoka pamoja na kurudi pamoja kama ngumi za mwanamasumbwi.

BMW ilianza na injini za ndege. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Mkataba wa Versailles ukaizuia Ujerumani kuzitengeneza, kiwanda kikatafuta kazi nyingine. Injini yake ya kwanza ya boksa, M2B15, iliuzwa kwa watengenezaji wengine wa pikipiki, nao waliifunga silinda moja ikiwa mbele na nyingine nyuma. Ile ya nyuma haikupata upepo, ikawa inachemka. Mhandisi Max Friz akaigeuza injini: silinda zikatokeza pembeni kwenye hewa, kranki, yaani mhimili unaozungushwa na pistoni, ikalala kufuata urefu wa pikipiki, giaboksi ikafungwa moja kwa moja nyuma yake, na shafti badala ya mnyororo ikazungusha gurudumu. Hiyo ndiyo R32 ya mwaka 1923: sentimita za ujazo 494, nguvu farasi 8.5.

Watu husifu shafti ile, na inastahili. Lakini kwangu jambo kubwa la R32 ni oili. Wakati huo pikipiki nyingi zilitumia oili ya kupotea: inadondoka kwenye injini, inalainisha, inaungua au inamwagika barabarani. R32 iliihifadhi chini ya injini yenyewe, pampu ikaipandisha, ikarudi, ikapandishwa tena. Oili ile ile ikizunguka, uchafu nao unazunguka. Swali la kuuweka wapi uchafu huo liliisumbua BMW hadi 1969.

Miaka ya kati naipita haraka. Mwaka 1935 zilikuja R12 na R17 zenye shokapu za mbele za teleskopu zinazotuliza mtikisiko kwa mafuta. Vikaja vita, kisha marufuku ya kutengeneza pikipiki, na mwaka 1948 kiwanda kikaanza upya na R24, silinda moja tu. Boksa ilirudi mwaka 1950.

Sasa tusimame kwenye R51/3 ya mwaka 1951, kwa sababu muundo wake wa injini ndio uliozaa R67, R68, R50, R60, R69 na ile inayotafutwa sana na wakusanyaji, R69S ya mwaka 1960 yenye nguvu farasi 42. Injini hizi hazina filta ya oili. Kuna wavu tu kwenye mdomo wa pampu, nao unazuia vipande vikubwa. Kazi ya kuchuja inafanywa na visahani viwili vya bati vilivyofungwa kwenye kranki, kimoja kila upande. Oili inaingia kwenye kisahani, kranki inazunguka kwa kasi, uchafu ulio mzito unatupwa ukingoni na kuganda pale, na oili safi inapita kwenye tundu kwenda kulainisha beringi za fimbo ya pistoni.

Ni ubunifu mzuri sana, ila kisahani kina ujazo wake. Tope likijaa hadi kwenye tundu, beringi inakosa oili. Na dereva hapati dalili, kwa sababu pikipiki hizi hazina taa ya presha ya oili. Oili kwenye kijiti cha kupimia ni safi, lita 2 kamili, injini inanguruma vizuri, halafu siku moja beringi inaanza kugonga. Hapo kranki yote imeharibika. Ni vipande vilivyounganishwa kwa kushindiliwa, kwa hiyo kuitenganisha na kuirudisha kwenye mstari kunahitaji presi na fundi anayepima hadi sehemu ya mia ya milimita.

Ndiyo maana wenye uzoefu hawasubiri. Pikipiki ikikaribia kilomita 50,000, au historia yake ikiwa haijulikani, wanafungua. Injini inashuka kwenye fremu. Zinatoka silinda, klachi, flaiwili (gurudumu zito lililofungwa nyuma ya kranki), jenereta na magneto inayotoa cheche. Kisha kifuniko cha mbele na kishikio cha beringi ya mbele. Kasha linapashwa moto ili aluminiamu itanuke, na kranki inatolewa kwa mbele. Usiipige nyundo. Beringi kuu zinavutwa kwa pula, visahani vya zamani vinaonekana, vinawekwa vipya. Anayetumia pikipiki kwa safari fupi fupi ajue kuwa tope lake linaganda mapema: injini haipati joto la kutosha, unyevu haukauki, unachanganyika na oili.

Mwaka 1969, kule Spandau, Berlin, zikaanza kutoka R50/5, R60/5 na R75/5. Kranki ni kipande kimoja, beringi za fimbo ni za maganda laini yasiyo na gololi wala rola, oili inasukumwa kwa presha, kuna filta ya kweli, na kuna taa ya onyo. Visahani vikaisha kazi.

Tahadhari ikahamia kwenye filta. Mlangoni kwake kuna oringi, pete ya mpira, inayozuia presha isivujie ndani. Ikisahaulika, au ikirudishwa iliyokwisha kubanwa ikawa bapa, oili inarudi chini bila kupita kwenye beringi, na kwa nje hutaona hata tone. Kila ukibadilisha filta weka oringi mpya. Na ukitoa flaiwili ya injini hizi, izuie kranki kwanza kwa mbele isisogee. Ikisogea, washa za ndani, yaani pete bapa za chuma, zinadondoka kutoka kwenye pini zake, na ukikaza flaiwili zikiwa hivyo umevunja kasha.