Rangi ya Ukuta Ije Mwisho

(Mhadhara uliotolewa Dar es Salaam mbele ya mafundi rangi, washonaji wa mapazia na watu walio katikati ya ujenzi)

Asanteni. Wengi wenu mmeshanisikia nikilisema hili, na leo nalirudia kwa sababu bado tunalikosea kila siku: rangi ya ukuta huchaguliwa mwisho. Kwanza vitambaa, halafu zulia au mkeka, halafu ndiyo ndoo ya rangi. Sisi tunafanya kinyume. Nyumba ikishapigwa skimu ya kulainisha ukuta tu, taa bado hazijafungwa, mwenye nyumba yuko dukani ameshika kadi ya rangi. Anachagua kijivu kwa kuwa jirani naye kapaka kijivu. Ukuta unakauka, anahamia, ndipo anaanza kuzunguka Kariakoo kutafuta pazia la kuendana na ule ukuta. Halipatikani. Anachukua linalokaribia, analipa, kisha anakaa miaka na sebule ambayo kila akiingia anaona kuna kitu hakijatulia, na hajui ni kipi.

Hebu tufikiri pamoja. Rangi ya ukuta inachanganywa kwa mashine, mbele yako. Ukitaka bluu iliyopoa kidogo, wanaipoza. Ukitaka maziwa yenye unjano kwa mbali, unapata. Sasa nenda Mtaa wa Uhuru kwa muuza kanga umwambie, "Hii nimeipenda, ila nipunguzie wekundu." Atakuangalia tu. Kanga imekwisha kuchapwa. Pindo na mji wake vimekwisha kukubaliana, na wewe huna la kubadilisha. Kitambaa cha makochi ni hivyohivyo, zulia ni hivyohivyo. Basi kati ya kitu kinachobadilika utakavyo na kitu kisichobadilika, mtu mwenye akili zake aanze na kipi?

Wapo wanaoniambia, "Mwalimu, mimi nina jicho. Nikiiona rangi dukani najua itakavyokaa nyumbani." Hapana. Hujui, na si kwa sababu jicho lako ni baya. Jicho zima kabisa ndilo linalodanganyika. Hili nitalieleza taratibu, hata kama litakula muda wangu wote, kwa sababu mtu akishalielewa hili mengine yote yanakuwa mepesi.

Paris kuna kiwanda cha Gobelins, kiwanda cha tangu enzi za wafalme wa Ufaransa, kinachofuma mazulia ya picha ya kutundika ukutani. Mwaka 1824 mkemia Michel Eugène Chevreul alipewa kuongoza kazi ya kutia rangi nyuzi za pale. Malalamiko aliyoyakuta yalikuwa juu ya nyeusi. Wafumaji walitumia sufu nyeusi kuweka vivuli kwenye mikunjo ya mavazi ya bluu na ya zambarau, na wakasema nyeusi ile haina nguvu, imechakaa, imekuwa hafifu. Lawama zikaelekezwa kwa watia rangi: mmepunguza dawa, hamkuchemsha vya kutosha.

Chevreul hakugombana na mtu. Alitafuta sufu nyeusi za viwanda vingine, za London na za Vienna, akaziweka pamoja na za Gobelins, akalinganisha. Za wenzao hazikuwa nyeusi zaidi. Nyeusi ya Gobelins ilikuwa nyeusi kamili. Ndipo akagundua kwamba kasoro haimo kwenye sufuria ya rangi hata kidogo. Kasoro iko kwa jirani. Uzi uleule mweusi, ukiwa peke yake mkononi, ni mweusi tii. Uufume kando ya bluu, unadhoofika machoni. Alilifanyia kazi jambo hili miaka mingi, na mwaka 1839 akachapisha matokeo yake, na wachoraji, wafumaji na wapaka rangi wameyatumia tangu hapo. Mzee huyu aliishi zaidi ya miaka 100, na kati ya yote aliyoyafanya katika kemia, mimi namshukuru kwa hili.

Msiniamini kwa maneno. Mkifika nyumbani chukueni kitambaa chekundu cha kukoza, mkitazame nusu dakika bila kuhamisha macho, kisha mtazame ukuta mweupe. Mtaona pale ukutani doa la kijani lenye ubluu kwa mbali. Hakuna aliyelipaka. Jicho likishashiba nyekundu, lenyewe linaleta kinyume chake. Na halifanyi hivyo kwenye jaribio tu, linafanya hivyo sebuleni kwako kutwa nzima, kila rangi ikiitupia jirani yake kinyume chake yenyewe.

Sasa nirudi kwa huyo wa kijivu. Kuna nyumba niliitwa, mwenye nyumba na fundi rangi wamefikia hatua ya kutosalimiana. Ukuta ulipakwa kijivu, mwenye nyumba akaukubali, akamlipa fundi. Baada ya wiki chache yakaletwa makochi mekundu na zulia jekundu la manyoya, zito, limejaza sebule. Asubuhi yake ukuta ukawa wa kijani. Akampigia simu fundi: umenichanganyia rangi, umeniwekea ya bei rahisi. Fundi akarudia kupaka kwa gharama yake, kutoka ndoo ileile, ukuta ukawa kijani vilevile. Nilipofika nikaomba jambo moja tu: tulikunje zulia, tutoe makochi barazani. Ukuta ukarudi kuwa kijivu mbele ya macho yetu sote. Fundi yule alikuwa ametumia siku zake na nguvu zake kulipia kosa ambalo hakulifanya. Mafundi, hili linawahusu ninyi kabla ya mtu mwingine yeyote. Msikubali kupaka nyumba ambayo vitambaa vyake hamjaviona. Mwambieni mteja alete hata kipande cha kiganja, mkibandike ukutani, ndipo mfungue ndoo.

Mabibi zetu walikuwa na maarifa haya mikononi. Itazameni kisutu, kanga anayopewa bibi harusi. Rangi ni tatu: nyekundu, nyeusi, nyeupe. Nyeusi ikikaa na nyeupe inazidi kuwa nyeusi, nyeupe inazidi kung'aa, na nyekundu haipati nafasi ya kuenea ikalemea jicho, kwa sababu kila hatua inakatwa. Ndiyo maana kisutu hakichoshi.

Au chukueni mkeka wa ukindu wa Pemba, lakini msiutazame kwa mbali. Inameni. Mtaona ukili baada ya ukili, yaani mikanda iliyosukwa, umeungwa kwa mshono, na ndani ya kila ukili ziko chane chache, vipande vyembamba vya ukindu, zilizotiwa rangi, labda zambarau, labda kijani, zinapita chini na kutokea juu ya chane ambazo hazikutiwa kitu. Rangi haipewi nafasi ya kukaa kipande kizima. Kila inapotokeza, ukindu mtupu unaingia kati. Zambarau ile ya unga wa rangi wa dukani ukiipaka ukutani utaihama nyumba yako. Kwenye mkeka imetulia, unaikalia, unaswalia juu yake, mgeni anaisifu. Zamani nyeusi ya mikeka ilitoka kwenye mizizi ya mti wa mdaa, na njano kwenye manjano yaleyale ya jikoni. Siku hizi ni unga, sawa, lakini msusi bado anajua kiasi, na kiasi ndicho tunachokikosa kwenye nyumba zetu.

Hapa nasikia tayari mtu anasema mkeka ni wa msibani, mkeka ni wa kijijini, mimi najenga nyumba ya kisasa. Ndugu yangu, ukitaka kujua kama mkeka ni wa watu duni, nenda Lamu, nenda Mji Mkongwe, ingia kwenye nyumba za mawe walizojenga matajiri wa pwani. Kuta ni za chokaa, nyeupe. Vyumba ni vyembamba, kwa sababu dari imebebwa na boriti za mikoko na boriti haiwi ndefu kuliko mti ulivyo. Mwanga unaingia kutoka uani, ni kidogo, na weupe wa chokaa ndio unaoupokea na kuufikisha ndani. Katika zidaka, vile vishubaka vya ukutani, ziliwekwa sahani za kauri kutoka China. Chini mikeka na mazulia, na mapazia ya kugawa vyumba. Hawakukosa uwezo wa kununua rangi, watu waliokuwa wakiagiza sahani kutoka China. Walichagua rangi ikae kwenye vitu vinavyohamishika, vinavyofuliwa na kubadilishwa sikukuu ikifika, na ukuta uachwe ufanye kazi ya mwanga.

Sisemi kila mtu apake chokaa. Nasema ukuta una kazi, na kazi yake si kugombea macho na kitambaa.

La mwanga nililitaka lichukue nusu saa, naona sitaipata, lakini kuna ushauri mmoja unaonikera na lazima niuseme. Watu wanasoma maelekezo ya Ulaya yanayosema chumba cha madirisha ya kaskazini ni cha baridi, kipakwe rangi ya joto. Kule ni kweli, jua halifiki upande ule. Sisi Dar es Salaam tuko kusini ya ikweta. Zaidi ya nusu ya mwaka jua la adhuhuri liko upande wetu wa kaskazini! Umeshapata jua, halafu unajipakia na rangi ya chungwa, unajipikia mwenyewe. Huku kwetu tazama zaidi mashariki na magharibi: chumba cha magharibi saa kumi jioni kinapigwa na jua la njano linaloingia hadi ukuta wa ndani, na rangi yoyote yenye wekundu itawaka.

Na tazameni kilichoko nje ya dirisha. Jua letu liko juu sana mchana, kwa hiyo mwanga mwingi unaoingia ndani unatoka chini, unaruka kutoka uwanjani. Uwanja wa udongo mwekundu unatia wekundu kwenye dari yako nyeupe. Bustani ya nyasi inatia ukijani. Ukimwaga kokoto nyeupe, umebadilisha rangi ya sebule bila kushika brashi. Ndiyo maana nasema usipake jaribio moja ukutani ukaridhika. Paka kipande cha jipsamu bodi, kikubwa, mita kwa mita, ukihamishe kila kona, ukitazame asubuhi, saa saba, jioni na usiku. Kadi ya dukani ni ndogo mno. Rangi ikifunika kuta nne zinazoangaliana inakoza kuliko ulivyotegemea, basi shuka hatua moja au mbili kwenye wepesi.

Usiku ni habari nyingine. Balbu nyingi tunazonunua ni zile nyeupe zenye ubluu, boksi limeandikwa 6500K. Hiyo K ni kipimo cha rangi ya mwanga: namba ikishuka, mwanga unakuwa wa njano zaidi. Chini ya balbu hizo nyeupe nyekundu na hudhurungi zinafifia, ngozi ya mgeni wako inaonekana ya mgonjwa, na kitambaa ulichokipenda mchana hukitambui. Sebuleni na chumbani weka 2700K au 3000K.

Mazulia, haraka haraka. Pwani hii ina unyevu. Zulia nene la kubandika ukuta hadi ukuta linashika maji ya hewa na vumbi, na huwezi kulitoa nje. Silipendekezi kwa mtu yeyote anayeishi karibu na bahari. Chukua linalokunjika, lipigwe jua. Ukubwa: miguu ya mbele ya makochi ikanyage juu yake, vinginevyo linaelea katikati ya chumba na chumba kinaonekana kidogo. Mazulia mengi ya mashine tunayouziwa ni ya polipropileni. Yanafulika na hayachuji, hilo ni sifa yake, lakini usidanganywe ni sufu. Choma uzi mmoja: sufu inanuka nywele na kuacha jivu linalosagika, polipropileni inayeyuka na kuganda kigumu.

Na katani! Mmea uliingizwa na Richard Hindorf mwaka 1893, Tanganyika ikaja kuongoza duniani kwa katani, na hadi leo Wazungu wanatandika mazulia ya katani kwenye nyumba za fahari. Sisi wenye mashamba Tanga na Korogwe tunaagiza plastiki. Hili linaniumiza sana. Rangi ya katani yenyewe, ile ya majani makavu, inakubali karibu kitambaa chochote utakachoweka juu yake. Ila isikae chini ya meza ya chakula, maji yanaiacha na alama.

Mapazia wekeni bitana, jua letu linakula rangi ndani ya miaka michache, nyekundu ndiyo ya kwanza kuondoka. Kanga mnazoshonea mito zijaribuni kwanza: kitambaa cheupe kilicholowa, sugua, kikitoka na rangi usiiweke kwenye kochi jeupe. Vitenge, mazulia ya Uajemi, vyumba vya watoto, nilikuwa nayo, hayaingii leo.

Najua mmekuja na vipande vya vitambaa na mtataka kuniuliza. Tusivitazame hapa chini ya taa hizi za ukumbi. Twendeni pale dirishani, fundi rangi na mteja wake wasimame pamoja.