Kipunji Amelala, au Kimelala?

Ndugu zangu, nimalizieni sentensi moja. "Kifaru..." Naam, wote mmesema "amelala". Hakuna aliyesema "kimelala", ingawa neno lenyewe limevaa KI kama kiti na kisu. Umbo linawavutia kwenye KI-VI, ninyi mkatazama kilichomo ndani mkampeleka kwenye A-WA.

Wanabiolojia nao wana ngeli zao, kwa neno hilohilo: himaya, faila, ngeli, oda, familia, jenasi, spishi. Ngazi za juu mlizikariri sekondari, sitawachosha nazo. Mbili za chini ndizo zinazounda jina la kisayansi, desturi tuliyoachiwa na Carl Linnaeus wa Uswidi. Majina ya wanyama yanahesabiwa kuanzia kitabu chake cha 1758. Neno la kwanza linataja jenasi, yaani ndugu wa karibu wa kiumbe huyo. La pili ni lake mwenyewe.

Sasa twendeni Rungwe, kusini-magharibi mwa Tanzania. Mwaka 2003 watafiti walikuwa wakifuatilia maneno ya wawindaji wa Kinyakyusa kuhusu kima mwoga aitwaye kipunji. Walisitasita, maana masimulizi ya huko huchanganya wanyama wa kweli na wa kusadikika. Kumbe yupo: manyoya ya kahawia, kishungi kichwani, ncha ya mkia nyeupe. Mwaka uliofuata timu nyingine, isiyojua habari za Rungwe, ikamwona Ndundulu, kwenye milima ya Udzungwa. Mwaka 2005 wakamtangaza pamoja: Lophocebus kipunji, yaani ndugu yake mangabi, kima wa jenasi hiyo ya Lophocebus.

Ushahidi wao ulikuwa picha. Hapakuwa na ngozi wala fuvu, na wapo walionung'unika. Mimi nasimama na wenye picha. Kumpiga risasi mnyama adimu ili kuthibitisha kwamba yu hai ni elimu ya ajabu.

Mwaka huohuo, mkulima mmoja wa Rungwe akanasa dume changa kwenye mtego shambani. Kwa msiba huo fuvu likapatikana, na vinasaba vikapimwa. Hapo ndipo mambo yalipochanganyika. Ukimtazama usoni ni mangabi, hana pua ndefu ya nyani. Vinasaba vikasema ndugu yake wa karibu ni nyani! Hata mlio wake si wa mangabi. Yeye hubweka kwa sauti nzito.

Kumwacha na mangabi haikuwezekana, maana damu ilikataa. Kumtia kwa nyani, mwili ukakataa. Ndipo mwaka 2006 akaundiwa jenasi yake peke yake, Rungwecebus: Rungwe ya kwetu, imeunganishwa na neno la Kigiriki la kima. Afrika haikuwa imepata jenasi mpya ya kima tangu 1923.

Tazameni kilichobadilika. Jina la kwanza halikumaliza hata miaka miwili, kwa sababu lilikuwa dai kuhusu undugu, na dai hilo lilishindwa. La pili halikuguswa. Kanuni ndivyo zilivyo: kiumbe akihamishwa jenasi, jina lake la spishi anahama nalo. Wakimhamisha tena kesho, wataandika jenasi wanayoitaka, na baada yake watalazimika kuandika neno la wale wawindaji: kipunji.