Homa ya Siku ya Tano

Asanteni. Mwenyekiti amenipa dakika ishirini na tano, na pale mlangoni akaniomba nisirudie hadithi ya kijana wa kabichi, kwamba watu wameshaichoka. Nimemuitikia kwa kichwa tu. Nitairudia, kwa sababu kila nikiirudia napata mtu anayeniuliza, "Kwani malaria inapita kwenye damu ya kuongezwa?" Jana kaniuliza muuguzi wa miaka kumi na miwili kazini.

Kijana alitoka Nyahururu na lori la kabichi. Mara yake ya kwanza kuteremka pwani. Nyahururu ni juu, zaidi ya mita 2,300, kuna baridi ambayo mbu wa malaria haiwezi. Wakaingia soko la Kongowea, Mombasa, alfajiri. Wakishusha mzigo, lori likarudi nyuma bila mtu kupiga kelele, likambana paja na ukuta. Paja likivunjika, ndugu zangu, damu inayomwagika ndani huioni, unaona tu mtu anageuka rangi ya majivu.

Mimi nilikuwa maabara, nakaribia kukabidhi zamu. Nafungua jokofu: painti mbili, zote kundi A. Kijana ni O. Madalali wa sokoni waliomleta wakakunja mikono ya mashati pale pale kwenye benchi, na wawili wakawa O. Nikapima yale manne tunayopima kwa sheria: virusi vya Ukimwi, homa ya ini B, homa ya ini C, kaswende. Safi. Nikalinganisha damu, ikakubaliana. Mkono uliotoa ile mifuko kupitia kidirisha ni huu hapa.

Akapona mshtuko, akawekwa chuma. Siku ya tano mchana akaanza kutetemeka mpaka kitanda kinalia. Daktari akasema kidonda kimeingia wadudu, akaandika sindano za antibiotiki. Hakuna aliyewaza malaria. Jioni nikaletewa damu yake kupimwa wingi wa damu tu. Likabaki tone, nikalipaka kwenye kioo, na niseme kweli, haikuwa akili, ilikuwa uchovu wa mkono uliozoea. Nikaweka chini ya darubini. Pete! Pete nyembamba za falsiparamu, kimelea cha malaria kali, nyingine zina vitone viwili kama zile spika vijana wanazobandika masikioni. Kila uwanja ninaosogeza, zipo.

Sasa mtaniambia, mzee, Mombasa kuna mbu. Haya, tuhesabu. Mbu akikuuma, vimelea vinakimbilia ini kwanza. Huko vinajificha karibu wiki nzima vikizaana, ndipo vitoke kuingia kwenye damu. Hata angeumwa dakika aliyokanyaga Kongowea, siku ya tano kioo chake kingekuwa cheupe. Lakini vimelea vilivyokwisha kuwa ndani ya chembe za damu ya mtu mwingine, ukivimimina kwenye mshipa, ini havina haja nalo. Vimefika nyumbani tayari.

Nikaenda kumtafuta mmoja wa wale watoaji wawili. Nilimkuta amebeba gunia la viazi begani, jasho linamtiririka, anaimba. Alikuwa ametoka kwao Siaya, kule malaria ilikojaa, mazikoni wiki mbili zilizopita. Nikamwambia nataka kidole chake nimtoboe. Akacheka mpaka gunia likatikisika: "Mimi naumwa wapi, mzee?" Kioo chake kilinichukua karibu saa nzima. Nikaziona pete chache, za kuhesabika. Mtu mzima wa afya, hana homa, hana hata kichwa kumuuma.

Wazee wetu walilijua jambo hili kabla ya darubini. Mnalikumbuka neno mkunguru? Vijana hamlijui. Mkunguru ni ile homa ya mgeni. Mtu anakuja pwani kutoka bara, siku chache tu, mkunguru umemshika, na mwenyeji aliyempokea hana habari. Hawakusema mwenyeji hana ugonjwa. Walisema haumshiki. Aliyezaliwa akiumwa na mbu, mwili wake na vimelea wamefanya maelewano, hiki kinakaa kidogo, yule haumwi. Ukichukua damu yake ukampa mgeni, umehamisha vimelea, maelewano umeyaacha nyuma.

Wala si jambo jipya. Kisa cha kwanza cha malaria ya damu ya kuongezwa kiliandikwa 1911. Na mwaka 1917 daktari wa Vienna, Julius Wagner-Jauregg, alichukua damu ya askari mwenye malaria akawatia kwa makusudi wagonjwa ambao kaswende imewapanda ubongoni, ili homa kali iiunguze. Mwaka 1927 akapewa Tuzo ya Nobel. Yeye alisifiwa kwa kuambukiza kwa makusudi, mimi mmenialika kunilaumu kwa bahati mbaya. Haya.

Nasikia mtu anaguna kule nyuma: si mpime tu malaria kwenye kila painti! Mama, ningependa. Painti ni mililita 450. Mililita moja ina mikrolita elfu. Mtoaji akiwa na kimelea kimoja tu kwa kila mikrolita, mfuko una vimelea laki nne na nusu. Kile kipimo cha haraka, cha mistari miwili, chini ya vimelea mia hivi kwa mikrolita huwezi kukitegemea. Darubini inakishinda, kwa mtu mwenye macho na saa nzima ya kupoteza, na nani analo saa moja mtu anavuja damu? Vitabu vya fani vinasema hata vimelea kumi vinatosha kumwambukiza mtu. Kumi, kati ya laki nne na nusu.

Na upande wa pili ni balaa zaidi. Kipimo hicho kinanusa protini ya kimelea, na protini hiyo hubaki mwilini wiki kadhaa baada ya mtu kunywa dawa akapona. Kwa hiyo ile damu mbaya kinaipitisha, na damu nzuri kinaimwaga. Mnataka nimwage damu Mombasa? Shule zikifungwa watoaji wetu wametawanyika, Ramadhani ikiingia benchi tupu, na mama mzazi hasubiri shule zifunguliwe.

Mwingine atasema, basi kataeni waliotoka maeneo ya malaria. Uingereza hufanya hivyo, umetembelea nchi ya malaria, subiri miezi minne. Kwao inafaa. Sisi tusubiri miezi minne tangu kutoka wapi? Likoni? Kwale kwa shangazi? Kwa sheria hiyo mimi mwenyewe sijafaa kutoa damu tangu nizaliwe. Jokofu nalo msilitegemee: damu inakaa baridini na vimelea vinaishi humo wiki mbili na zaidi, na Mombasa damu gani inafikisha wiki mbili bila kutumika?

Ndiyo maana nasema, na nitasema mpaka sauti iishe: mwacheni mtoaji, mfuateni aliyepokea. Akipata homa ndani ya mwezi baada ya kuongezwa damu, kioo kwanza. Antibiotiki mpe ukitaka, lakini kioo. Na kadi ya kumruhusu kwenda nyumbani iandikwe kwa kalamu inayosomeka: aliongezwa damu, tarehe fulani. Maana yule kijana angeruhusiwa siku ya nne, homa ingemshikia Nyahururu, na daktari wa kule, ambaye malaria haioni, angetibu mafua. Huyo angekufa, na kwenye cheti cha kifo chupa yangu isingetajwa popote.

Naona mwenyekiti ananionyesha saa. Nilikuwa na habari za watoto wa selimundu wanaoongezwa damu mara kwa mara, na wajawazito, lakini muda umekwisha na mwenye makosa ni kabichi. Moja tu la haraka: Kumasi, Ghana, walijaribu mashine ya mwanga inayodhoofisha vimelea ndani ya damu nzima. Matokeo yalitoka 2016. Kwa waliopewa damu yenye vimelea, maambukizo yalishuka kutoka asilimia 22 hadi 4. Bei yake msiniulize, niulizeni kuhusu kadi.

Mwanangu pale mbele ameinua mkono. Unywe dawa za malaria kabla ya kutoa damu? Hapana, usijidawie. Sema ukweli ukiulizwa. Ulikuwa na homa wiki iliyopita, sema. Umetoka mazikoni Siaya, sema. Gari la damu liko nje mpaka saa kumi, na mstari naona ni mfupi.